Dari Iliyoshushwa Al-Naseem

Jumatatu, tarehe tisa Februari mwaka huu, dari ya majlisi, yaani chumba cha wageni, katika nyumba moja ya Al-Naseem, Riyadh, ilishushwa kwa nyundo. Aliyeitengeneza ni mwalimu wangu wa kazi, Sabri, Mmisri wa Iskandaria. Yeye amekwisha kufa na amezikwa hapa Jidda. Katika dari zote alizozifanya nchi hii, hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki. Nyingine zilitangulia, moja baada ya nyingine, kila mtu na sababu yake.

Nawaandikia nyinyi mnaofanya kazi ya dari sasa, Wakenya na Watanzania mnaoshinda juu ya jukwaa na bisibisi za umeme, mkafunga ubao wa jasi chumba kizima kabla ya adhuhuri, kisha mkanipigia simu huku Al-Mahjar, Jidda, kuniuliza swali la dakika moja. Mimi nimestaafu, sina haraka, na majibu yangu ni marefu. Shule niliishia darasa la saba kule Kilifi, kwa hiyo mtakapoona nimekosea, jueni nimekosea kweli.

Kwanza niseme hili, maana nimelisema hadi koo limekauka. Jasi hunyunyizwa kwenye maji. Si maji kwenye jasi! Unanyunyiza kwa mkono, taratibu, mpaka unga utokeze juu ya maji kama kisiwa kidogo, unauacha unywe, ndipo unakoroga. Ukishakoroga na ikaanza kushika, usiiguse tena. Mnaikoroga mara ya pili na ya tatu ili ilainike, halafu inapomeguka mnasema jasi ya siku hizi ni mbovu. Jasi haina kosa. Na msifanye Riyadh mnavyofanya Jidda. Riyadh hewa inanyonya maji upesi mno, kazi inapasuka kabla hujashuka ngazi, kwa hiyo lazima ukuta uloweshwe. Jidda ni kinyume: unyevu wa bahari hauiachi ikauke, na bosi akikuharakisha upake rangi leo, kesho rangi inafura kama mguu ulioumwa na nyuki. Mwambieni bosi asubiri. Hatasubiri, lakini mwambieni.

Sabri alinichukua kwa sababu ya katani. Nilikuwa kibarua wa kubeba mifuko kwenye kazi moja ya mtaa wa Olaya, Riyadh, nikamwona anachambua nyuzi za kuchanganya na jasi ili ishikamane. Alikuwa anazikata fupi. Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha kubahatisha, "Muallim, ndefu, ndefu." Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia nyumbani kwetu mkonge ndio uliotulisha. Akacheka, akasema, "Basi wewe kaa hapa. Mifuko watabeba wengine."

Alijifunza kazi kwa baba yake, na baba yake alijifunza kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa akipamba nyumba za matajiri wa Iskandaria zamani. Kutoka kwa Mtaliano huyo ilirithiwa kazi, na pamoja na kazi zilirithiwa hadithi. Sabri hakuweza kutengeneza ua bila kukueleza lilitoka wapi. Kumbukeni jinsi kazi yetu ilivyokuwa: unamimina jasi kwenye kalibu, kisha unangoja ishike, kama robo saa hivi. Wengine huvuta sigara. Sabri alifundisha historia ya Ulaya. Jasi ikishashika anakata maneno pale pale, hata kama mfalme yuko kitandani anakata roho. "Halas, imeshika. Inua." Mfalme atakufa kwenye mchanganyiko unaofuata. Nimewahi kungoja siku mbili kujua kama kichwa cha mtu kimekatwa, kwa sababu kesho yake tulikuwa tunapaka rangi na rangi haina kungoja.

Ndivyo nilivyosoma, vipande vipande. Nitawapa kwa kifupi, maana hamtampata mwingine wa kuwapa juu ya jukwaa.

Alisema, miji ya Italia ilitajirika kwa biashara na kwa kukopeshana, na matajiri wapya hawakutaka kuonekana wapya. Wakaanza kufukua vitu vya Warumi na kusoma vitabu vya Wagiriki, vingi vikiwa vimepitia mikononi mwa Waarabu, na hapo Sabri alikuwa anajipigapiga kifua kana kwamba alivitafsiri yeye. Wakapenda kipimo. Mraba, duara, kila upande sawa na mwenzake. Wachoraji wakajua namna ya kuonyesha umbali kwenye ukuta ulio bapa. Dari za wakati huo ni visanduku vilivyopangwa sawasawa. Mkiona visanduku, ndio hao.

Kisha ikaja mashine ya kuchapa vitabu, na mtawa mmoja wa Ujerumani akagombana na Papa kuhusu kuuziwa msamaha. Zamani ugomvi kama huo ungeishia mjini kwao. Safari hii ulichapwa, ukasambaa kila mahali. Kanisa likapasuka. Waliojitenga waliingia makanisani wakaangusha sanamu na kupaka kuta chokaa. Waliobaki na Papa wakajibu kwa kuzidisha: dhahabu, mawingu, nguzo zilizosokotwa, ili mtu akiinua macho asahau alikuwa anabishania nini. Ndizo dari zinazokuangukia kichwani bila kuanguka.

Halafu wafalme wakaona dawa ile inafaa na kwao. Mmoja wa Ufaransa aliwakusanya wakubwa wote wa nchi wakae kwenye kasri lake, wamtazame akiamka na akilala, na kila dari ilikuwa inamtaja yeye. Alipokufa, alisema Sabri, wale wakubwa walirudi mjini kwenye nyumba zao wakiwa wamechoka na ukubwa. Wakataka vyumba vidogo vya kuongea. Dari zikawa nyepesi: makombe ya baharini, majani membamba, mistari inayojikunja, upande huu si lazima ufanane na ule. Kisha watu wakawa wanakaa kwenye migahawa ya kahawa wakiulizana kwa nini mfalme awe mfalme. "Kahawa ya Yemen ndiyo iliyowatia wazimu," alisema Sabri. Mistari ikanyooka tena, na mwishowe mfalme mwingine akakatwa kichwa. Hicho ndicho kichwa nilichokingoja siku mbili.

Sasa wateja. Wateja! Mteja anakuja na picha kwenye simu, anataka visanduku vya mfanyabiashara wa Italia, nguzo zilizosokotwa za Papa na makombe ya wale waliochoka na mfalme, vyote katika chumba kimoja, na taa za rangi ya zambarau zinazozunguka. Sabri alikuwa anamwambia kwa adabu, "Baba, watu hawa walipigana vita." Mteja anajibu, "Mimi sina ugomvi nao, weka wote." Tukaweka wote. Sabri alikuwa anashuka ngazi za kazi hizo bila kutazama juu.

Kuna moja lazima niwaeleze, ingawa bado inanikera. Ni ukumbi wa hoteli moja ya Olaya. Msimamizi wa mradi alinunua kalibu kutoka nje bila kumwuliza mtu, na zilipofunguliwa, kila ua limezungukwa na watoto wenye mabawa. Watoto wanene, wanacheka. Mwenye hoteli alitazama mara moja akasema, "Mafi sura." Yaani hakuna sura; hataki sura ya kiumbe kwenye dari yake, na mnajua huku wengi hawataki. Sabri alikuwa Jidda kwenye kazi nyingine. Msimamizi akatuamuru: ondoeni sura. Basi mafundi wakaondoa sura. Wakapitisha patasi shingoni, kila mtoto. Mwenye hoteli aliporudi alikuta watoto wasio na vichwa wanaruka kwenye dari nzima, wengine bado wameshika mashada ya maua.

"Nimesema sura!" alipiga kelele. "Sikusema vichwa! Nani atakunywa chai chini ya maiti?"

"Bosi, sura iko kwenye kichwa," alijibu msimamizi.

Sabri alipofika alikaa chini kwenye mfuko wa jasi akacheka mpaka akakohoa. Akatuambia kule Ulaya yapo makanisa mpaka leo yana watakatifu wasio na vichwa, walivunjwa na wale waliojitenga, na hakuna aliyejua la kufanya baadaye. Kisha akapanda. Alijaza kila shingo komamanga, akageuza mabawa yakawa majani, mikono ikawa vijiti. Ilichukua wiki mbili badala ya kuibomoa yote. Toka hapo karibu kila kazi yetu ilikuwa na makomamanga. Hoteli hiyo nayo ilikarabatiwa baadaye. Dari sasa ni nyeupe, bapa, ina matundu ya taa.

Nyumba ya Al-Naseem ilikuwa ya mzee mmoja, Abu Majid, aliyekuwa na duka la vitambaa. Ni mteja mmoja tu katika maisha ya Sabri aliyesema, "Muallim, mimi sijui. Fanya unachoona kinafaa." Sabri hakulala vizuri siku hizo. Majlisi haikuwa kubwa, wageni walikaa karibu karibu magoti yakigusana, Abu Majid mwenyewe alikuwa mtu wa kuongea. Sabri akasema hii ni nyumba ya waliochoka na mfalme. Akafanya makombe na majani tu, na katikati ua moja lenye upana wa mikono ya mtu aliyeinyoosha yote miwili. Hapakuwa na dhahabu wala nguzo. Tulifanya wawili peke yetu. Mimi nilikuwa nakandamiza katani nyuma ya ua kwa vidole, yeye pia, tukishindana na jasi isishike kabla hatujamaliza.

Sasa, mwanzoni mwa Februari mwaka huu Brayo ananipigia. Brayo ni kijana wa Nairobi, ana kikundi chake cha kufunga mbao za jasi Riyadh, ni fundi mzuri ambaye hasikii.

"Mzae, nimepata kazi ya kuangusha dari flani Al-Naseem. Hii kitu ni nzito mbaya. Imefungwa na waya. Nikigonga si itaniua?"

"Tuma picha."

Akatuma. Niliitazama picha hiyo, kisha nikaweka simu chini, nikaenda kunawa uso.

Abu Majid amekufa, nyumba ni ya mwanawe, Majid. Nikamwomba Brayo asiguse kitu mpaka nifike. Nikapanda basi kwenda Riyadh. Shida yangu ilikuwa moja: kumwomba mwenye nyumba aiache ile dari, na akikataa, anipe lile ua. Sikuwa na haki yoyote juu yake. Nilijua.

Majid alinipokea vizuri. Alinimiminia kahawa kwa mkono wake, akaniita ami, akanikalisha kwenye matandiko ya majlisi ya baba yake ambayo yalikuwa yamerundikwa kona moja yakingoja kutupwa. Nilimweleza dari ile ni nini. Nilimweleza habari ya mfalme, na wakubwa waliorudi mjini, na vyumba vya kuongea. Niliongea sana kwa mtu wa aina yangu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ami, mimi nilisoma usanifu wa majengo Ulaya miaka mitano. Mwalimu wako alikuambia vizuri, lakini kuna mahali alichanganya. Makombe haya yalianza mfalme akiwa bado hai. Mfalme mwenyewe alipozeeka ndiye aliyeanza kutaka vitu vyepesi."

Nikasema, "Sikujua hilo, bosi."

"Na ni kazi nzuri. Nadhani ndiyo bora niliyoiona Riyadh."

"Basi iache."

"Siwezi. Mke wangu anataka chumba cheupe, na mimi pia. Nimekua chini ya makombe haya, ami. Baba aliongea humu miaka yote, na sisi tulikuwa tunakaa kimya." Akanijazia kikombe. "Wewe umenieleza historia. Basi fikiri. Kila mmoja katika hao aliingia nyumbani kwa baba yake akavunja dari. Wasingevunja, mwalimu wako angekuwa na hadithi gani?"

Vijana, niliinua macho nikayatazama yale makombe. Kinachonikera ni kwamba asingekuwa anajua, ningemhurumia nikaondoka. Lakini alikuwa anajua kuliko mimi, na alikuwa anavunja.

"Ua nipe," nikasema.

"Chukua. Lakini gari la kifusi linakuja leo baada ya asri. Yalla, jaribu."

Basi sikilizeni, hapa ndipo kazi ilipo, na siku moja mtaihitaji. Brayo alikuwa amekwisha washa mashine ya kukatia.

"Zima hiyo."

"Mzae, dakika tano tu nimezunguka ua lote."

"Zima. Itatikisa, na jasi ya zamani haipendi kutikiswa. Leta msumeno wa mkono na ndoo ya maji."

"Msumeno wa mkono? Kwani tunajenga safina?"

Wenzake wakacheka. Hata mimi ningecheka siku nyingine.

Unalowesha mstari unaotaka kukata, unangoja maji yanywewe, ndipo msumeno unapita bila vumbi na bila kurukaruka. Chini ya ua tulisimamisha jeki za jukwaa na mbao, na juu ya mbao tukapanga yale matandiko ya Abu Majid, mazito, yenye pamba, tukayapandisha mpaka yakagusa makombe. Kisha waya. Hukati waya kwa kufuatana kama unayevua shanga. Unakata huu, kisha ulio ng'ambo yake, kisha wa pembeni, kisha wa mkabala, ili uzito usiegemee upande mmoja. Brayo alitaka kufuatana. Nikamshika mkono. Akaniangalia, akaona sitanii.

"Sawa, mzae. Sema wewe, mimi nakata."

Waya wa mwisho ulipokatika, ua lilikaa juu ya matandiko kwa sauti ndogo kama mtu mzima anayekaa kitini. Tukashusha jeki kidogo kidogo, kila mtu kona yake. Lilifika chini zima.

Tulipolitoa nje, wakaanza kupiga nyundo dari iliyobaki. Sikwenda kutazama. Nilikaa uani na ua langu limefudikizwa juu ya godoro, mgongo ukiwa juu, nikawa nalipangusa vumbi. Mgongo wa kazi yetu hauna uzuri, ni katani na jasi iliyokandamizwa. Lakini vidole vilikuwa pale. Alama nyingi, zimezama, zinapishana, kama zilivyoachwa siku tuliposhindana na jasi. Brayo alikuja kunywa maji, akachungulia.

"Hizi ni zake?"

Nilizitazama muda. Niliweka vidole vyangu katika baadhi ya alama, vingine vikaingia na vingine havikuingia, lakini mikono yangu imenenepa tangu wakati ule, na yeye mikono yake sikumbuki ilikuwa mikubwa kiasi gani.

"Sijui," nikasema. "Zake na zangu."

"Hujui zipi ni zipi?"

"Sijui."

Hakunitania. Alinisaidia kulifunga kwa mablanketi, akanitafutia dereva wa gari dogo la mizigo aliyekuwa anarudi Jidda, na Majid akamwambia dereva aendeshe pole. Nilikaa naye mbele njia nzima nikigeuka nyuma kila tuta.

Tukafika Al-Mahjar kesho yake asubuhi. Dereva na majirani wawili walinisaidia kulipandisha mpaka ghorofa ya pili bila kugonga ukuta. Pale mlangoni kwangu tukasimama. Tulilijaribu wima. Tulilijaribu kwa pembe. Tuling'oa mlango kutoka kwenye bawaba zake. Halikuingia; upana wake ulizidi urefu wa mlango. Mimi niliyepima dari za watu maisha yangu yote sikuwa nimepima mlango wangu mwenyewe.

Walilisimamisha ukutani kwenye ngazi, dereva akaondoka. Mlinzi wa jengo akapanda juu, Mbangladeshi mpole, akatazama, akasema, "Mzuri sana, lakini mafi hapa. Watu watapitaje?" Nikamwomba mpaka jioni. Akasema mpaka adhuhuri, mwenye jengo anakuja.

Niliingia ndani nikachukua msumeno na ndoo. Kwa msaada wa mlinzi nikalilaza kwenye sakafu ya ukumbi wa ngazi, uso chini, nikalowesha mstari kupita katikati ya alama zile, nikangoja maji yanywewe. Jirani alifungua mlango akiwa na mtoto begani, akauliza kama kelele zitakuwa nyingi. Nikamwambia msumeno wa mkono hauna kelele. Akaufunga mlango. Nikalikata, nikaingiza nusu ya kwanza, kisha ya pili, kisha nikarudisha mlango kwenye bawaba zake.